Wa Kienyeji Hujitunza Mwenyewe?

Hoja iliyo mezani ni hii: mbwa wa kienyeji hana haja ya kutunzwa ngozi wala nyayo, Mungu alishamkamilishia. Ni hoja ya zamani, na wanaoitetea ni watu wenye akili zao, kwa hiyo haifai kuchekwa. Nimeipanga hapa kwa sauti tano nilizozoea kuzisikia kati ya Morogoro na pwani. Yupo mkulima wa miteremko ya Uluguru, anayefuga mbwa wa kufukuzia nyani na nguruwe pori. Yupo daktari wa mifugo, binti wa makamo ya mwanawe. Yupo mama wa Dar es Salaam mwenye mbwa mkubwa wa Kijerumani, wale wa masikio yaliyosimama. Yupo mlinzi anayekesha na mbwa wa kazi, na ustadhi wa Pangani mwenye shamba la minazi. Msitafute sura zao. Hiyo ni misimamo. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MKULIMA: Nianze mimi, maana hoja ni yangu. Nina mbwa wanne na hajaogeshwa hata mmoja tangu azaliwe. Masika wanalowa, kiangazi wanagaragara vumbini, na kazi wanafanya. Nyani akishuka kutoka msituni hawaulizi kama ni vuli au kipupwe. Hao wa mjini wanaogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, wana taulo lao, na bado kila mwezi wako kwa daktari. Sasa nani mzima hapo?

DAKTARI: Mzee wangu, hao wanne wamebaki kati ya wangapi waliozaliwa?

MKULIMA: Ah, nina majike wawili, wanazaa. Wengine huwa hawakai.

DAKTARI: Wanakwenda wapi?

MKULIMA: Wanakufa, binti yangu. Mbwa si hufa?

DAKTARI: Hufa, ndiyo. Ila ukihesabu waliosalia peke yao, kila mbwa wa kienyeji ataonekana chuma cha pua. Chukua kupe. Masika yakianza na majani yakifika magotini, kupe wa porini hupanda kwenye ncha za majani na kungoja mwenye damu apite. Mbwa anayemfukuza nguruwe pori hupita kila mahali. Anarudi nao ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkia na katikati ya vidole. Hao angalau unawaona. Yupo mwingine, kupe wa kahawia wa mbwa, asiyesubiri mvua wala majani. Huyo makazi yake ni banda lenyewe, kwenye nyufa za ukuta na chini ya gunia analolalia. Jike akishiba hudondoka, hutambaa ukutani, hutaga mayai yanayoweza kufika 4,000, kisha hufa. Vitoto vyake vinaweza kukaa miezi bila kula vikimsubiri mbwa yuleyule. Ndiye analeta erlikia. Mbwa anapata homa, anaonekana kapona, anaanza kukonda, halafu muda mrefu baadaye anatokwa damu puani. Hapo mtaani utasikia amelishwa sumu na wezi.

MKULIMA: Mmoja wangu alitokwa damu puani.

DAKTARI: Mkasemaje?

MKULIMA: Tulimtuhumu jirani.

(Nasitisha mjadala kidogo. Sidhani kama jirani huyo yuko peke yake nchini.)

MAMA WA MJINI: Ndiyo maana mimi sichezi. Wangu naogesha kila Jumamosi, mvua isiwe mvua. Natumia shampuu yangu mwenyewe, ile nzuri, na kwenye maji ya mwisho natia kidogo dawa ya kuua vijidudu ya kusafishia sakafu. Ananukia. Lakini Daktari, mbona anajikuna? Anajikuna mpaka usiku anatuamsha.

DAKTARI: Dada, tatizo lako umelitaja mwenyewe na siku yake umeitaja.

MAMA WA MJINI: Kuoga?

DAKTARI: Kuoga huko. Tabaka la juu la ngozi ya mbwa lina safu za seli 3 hadi 5 tu. La kwako lina 10 hadi 15. Amepewa manyoya badala ya unene. Tena ngozi ya mtu ina uchachu, kama pH 5.5, na ya mbwa inasogelea 7. Shampuu uliyonunua kwa ajili ya kichwa chako haikumfikiria yeye. Ukimsugua nayo kila wiki unayaondoa mafuta yanayoziba ngozi, inakauka, inapasuka pasuka, bakteria wanaingia. Na ile dawa ya sakafu ibaki sakafuni. Mbwa mzima wa mjini akioga mara moja kwa mwezi inatosha, kwa shampuu ya mbwa. Akirudi na matope katikati ya mwezi, maji matupu yanamtosha.

MKULIMA: Mmesikia? Nimeshinda.

DAKTARI: Bado, mzee. Wewe huogeshi, sawa. Lakini je, unakausha?

MKULIMA: Nikaushe mbwa?

Hapa pana jambo ambalo pande zote mbili hulipita. Tunabishana kuhusu maji na sabuni kana kwamba uchafu ndio adui mkuu wa ngozi ya mbwa. Masika adui ni unyevu. Mbwa anayelala amelowa chini ya ukingo wa nyumba kwa wiki tatu anaota fangasi na hamira katika sehemu zisizopata hewa, yaani mikunjo ya masikio, kwapa, kinena na nafasi kati ya vidole. Utamjua kwa harufu kama ya maziwa yaliyochacha, na kwa manyoya ya miguuni yaliyogeuka rangi ya kutu kwa sababu ya mate, maana anajilamba bila kukoma. Mbwa wa kienyeji ana manyoya mafupi na masikio yaliyo wazi kiasi, kwa hiyo hukauka upesi kuliko yule wa Kijerumani mwenye manyoya ya tabaka mbili. Katika hilo mkulima ana haki yake. Lakini manyoya mafupi hayasaidii kama pa kulala ni tope. Ubao mmoja ulioinuliwa juu ya matofali, na bati juu yake, unamfaa kuliko chupa yoyote ya dukani. Sijui kwa nini ni vigumu kuwashawishi watu waliojenga vichanja vya kuku kwamba na mbwa naye anahitaji kichanja.

USTADHI: Niruhusuni, maana mnazungumza kushika kwapa na vidole kama vile watu wote wanaweza. Huku kwetu pwani wengi tunafuata madhehebu ya Shafii. Mbwa ni najisi. Akikugusa na unyevunyevu, uwe mate au maji, unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo mtu anafuga mbwa wa shamba, anamtupia chakula kwa mbali, basi. Mwaka mzima mkono haumfikii.

MAMA WA MJINI: Sasa Ustadhi, si afadhali asifuge?

USTADHI: Hapana, dada yangu. Mbwa wa kulinda shamba, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na mimi minazi yangu haina ukuta. Ninachopinga ni kumfuga kwa ruhusa halafu kumwacha aoze kwa kisingizio. Mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake alisamehewa madhambi. Hadithi hiyo tunaisomesha watoto madrasa. Haiwezekani kiu iwe na thawabu na kidonda kisiwe na hesabu.

MLINZI: Kwa hiyo wewe unafanyaje, Ustadhi?

USTADHI: Kavu kwa kavu hakuna najisi, kijana wangu. Namkagua asubuhi jua likishapanda, umande umeshamtoka, mimi mkono mkavu na yeye mkavu. Nina glavu zangu za mpira na brashi ya mpini mrefu, zinakaa bandani, haziingii ndani. Kupe nawatoa kwa kibano. Ikibidi kuosha kidonda, glavu zinafika kwenye kiwiko, na nguo ya kazi nimeiweka mbali. Namaliza, naoga, nakwenda kuswali. Hainichukui muda.

DAKTARI: Na kwa kweli Ustadhi katushinda sote. Ngozi hukaguliwa vizuri ikiwa kavu na mwanga wa jua upo. Manyoya yaliyolowa yanaficha kupe, yanaficha na upele. Ila kibano kishike kupe karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kuzungusha. Msiwachome kwa kiberiti, msiwapake mafuta ya taa, wala msiwapasue kwa kucha. Mtumbukize kwenye chupa yenye spiriti.

MLINZI: Naomba tuteremke miguuni. Mimi mbwa wangu ngozi ya juu haijanisumbua sana. Kilio changu ni nyayo. Banda letu lina sakafu ya saruji. Kila asubuhi tunamwaga jiki kuua harufu ya mkojo, tunapiga fagio, tunawarudisha. Wakaanza kutembea kama wanakanyaga kaa la moto. Kumbe hatukuwa tunasuuza. Jiki inabaki kwenye saruji, mbwa anaikanyaga, halafu anajilamba.

MAMA WA MJINI: Maskini.

MLINZI: Hiyo ilikuwa rahisi, tukaanza kusuuza na kungoja sakafu ikauke. Kiangazi ndio mtihani. Gari la kuwapeleka lindoni ni pikapu, na bati la nyuma limeshinda juani. Wakishuka wanakanyaga lami. Mafunzo yao tulikuwa tunafanya saa nane mchana kwa sababu ndio muda ambao bosi anapita.

DAKTARI: Jua la saa nane, lami ya Dar es Salaam inaweza kupita nyuzi 50 hata kama hewa yenyewe ni thelathini na ushei. Weka mgongo wa mkono wako juu ya lami, uhesabu mpaka saba. Usipofika saba, mbwa asikanyage. Wayo wa mbwa una gamba nene na mafuta chini yake, ndiyo, lakini ni ngozi hai. Ukiungua unatoa lengelenge, gamba linabanduka lote, na hapo mbwa hana kazi kwa wiki kadhaa. Tena kumbukeni kwamba mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Tezi zake za jasho ziko hapo nyayoni, zaidi ya hapo ni kuhema tu.

MLINZI: Kampuni ikatununulia viatu vya mbwa.

MKULIMA: Viatu!

MLINZI: Viatu, mzee, vya mpira, vinne vinne. Wakawa wanainua mguu juu kama jogoo kwenye matope. Wawili wakavitafuna siku hiyohiyo. Mwishowe tukafanya jambo ambalo halikugharimu hata senti: mafunzo yakahamishiwa alfajiri, na kwenye pikapu tukatandika zulia kuukuu. Bosi ndiye aliyenuna.

MAMA WA MJINI: Lakini msivicheke sana viatu. Mwanangu yuko Toronto na ana mbwa. Majira ya baridi wanamwaga chumvi njiani ili barafu iyeyuke, na chumvi ile inakula nyayo. Ananiambia kila wakirudi ndani anaisuuza miguu minne kwa maji ya uvuguvugu na kuifuta katikati ya vidole, la sivyo mbwa anailamba chumvi yote. Theluji nayo inaganda vidoleni kama mawe. Huko viatu vina maana.

DAKTARI: Vina maana kwa chumvi na barafu kali. Baridi peke yake mguu wa mbwa unaihimili kuliko tunavyodhani. Mishipa inayoshusha damu ya moto imelala ubavuni mwa ile inayopandisha damu baridi, zinapeana joto njiani, kwa hiyo wayo haugandi upesi. Kwetu Njombe mwezi wa sita na wa saba kuna sakitu alfajiri, na sijaletewa mbwa aliyeganda mguu. Nyufa ndiyo naletewa. Kipupwe ni kikavu, wayo unapasuka. Pakeni mafuta ya nazi au ya mgando, kiasi cha kung'arisha tu, usiku mbwa akiwa ametulia. Mkipaka mengi atayalamba yote na kesho ataharisha. Ila mafuta ya watoto yenye zinki msimpake, maana zinki akiilamba ni sumu.

Nimemkatiza daktari katika habari ya miiba, kwa sababu kila mfugaji anaijua. Mbigili ya Dodoma haihitaji utangulizi. Ninayotaka kuitaja ni udongo mweusi wa mbugani. Vuli ikinyesha, udongo huo unanata kati ya vidole vya mbwa. Jua likitoka unakauka na kuwa jiwe linalotanua vidole na kuchubua ngozi. Wenye mbwa huona anachechemea, wanatafuta mwiba, hawauoni, wanamchoma sindano ya maumivu. Au mbaya zaidi wanampa diklofenaki ya binadamu, dawa inayoweza kumtoboa tumbo na kuua figo zake. Kumbe ilitakiwa beseni la maji na subira. Na mbegu za majani zenye ncha, zile zinazoingia na kusonga mbele bila kurudi nyuma, zikizama kati ya vidole huleta uvimbe unaopasuka, unafunga, unapasuka tena. Uvimbe wa namna hiyo usiendelee kuupaka dawa. Ndani mna kitu, kitolewe.

MKULIMA: Yote hayo ni ya mbwa wa kazi za mjini. Mbwa wangu anakanyaga udongo wa shamba, laini. Kiangazi nyayo zake ni ngumu kama tairi.

DAKTARI: Baba, kiangazi mbwa wako analala wapi?

MKULIMA: Jikoni, kwenye majivu. Pana joto.

DAKTARI: Na wajukuu?

MKULIMA: Wanacheza hapohapo. Wengine wanalala hapo.

DAKTARI: Wana tekenya?

Mkulima alikawia kujibu. Tekenya, ambao wengi wetu tunawaita funza, hawatajwi mbele za watu. Ni aibu ya nyumba.

MLINZI: Mzee, usione haya. Mimi nimekua nao. Bibi alikuwa anatutoa kwa pini jioni, foleni, ndugu sita pini moja.

DAKTARI: Pini moja kwa watoto sita ni kugawana damu, na kila tundu ni mlango wa pepopunda. Hilo tuliache kwanza. Sikilizeni habari ya mdudu mwenyewe. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Mwaka 1872 aliteremka Ambriz, Angola, ndani ya mchanga wa meli iliyoitwa Thomas Mitchell kutoka Brazili. Akasafiri kwa miguu ya wapagazi na misafara, na karne ya 19 haijaisha alishavuka bara lote mpaka pwani yetu. Anapenda udongo mkavu uliolegea kama vumbi la jikoni na uani, kwa hiyo kiangazi ndiyo sikukuu yake. Jike anajichimbia kwenye ngozi, anavimba kama punje ya njegere, anadondosha mayai kwa wiki mbili tatu, anafia humohumo. Sasa, mtoto anatolewa tekenya kila jioni. Mbwa je? Nani anamtazama katikati ya vidole na pembeni mwa kucha?

MKULIMA: Hakuna.

DAKTARI: Basi mbwa ndiye shamba la mbegu. Unawatibu watoto mwezi mzima, na kila usiku mbwa anapanda upya pale kwenye majivu. Nyumba yenye tekenya hutibiwa watu, mbwa na sakafu kwa pamoja, au haitibiki. Sakafu isiyoweza kutiwa saruji imwagiwe maji ifunge, ifagiliwe. Miguu ya mbwa ioshwe kwa maji na sabuni ya mche, ikaushwe, ipakwe mafuta ya dimetikoni yakipatikana. Hayo ni mepesi, yanapenya na kumkosesha hewa mdudu bila kuchokoa kwa pini.

USTADHI: Hapo mzee mwenzangu hoja yako imefika pabaya. Ulisema mbwa anajitunza. Anayejitunza hawezi kujitoa tekenya.

MKULIMA: Anajitafuna vidole.

USTADHI: Ndiko kujitunza huko?

MKULIMA: ... Endeleeni.

Mimi ningeishia hapo kama hoja ingekuwa ya kuangushwa kwa pigo moja. Lakini mkulima ana silaha nyingine, na ndiyo iliyo ya kweli kuliko zote: mfuko. Kabla ya kuifikia, daktari alitaja kwa haraka buu wa masika, na mimi nitamtaja kwa haraka vilevile. Ni mtoto wa nzi anayetaga kwenye mchanga wa kivulini ulioingia mkojo, na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, ndiyo sababu mama zetu walipiga pasi hata nepi. Mbwa akilala juu ya mchanga huo anaota vijipu vyenye tundu dogo katikati, na ukitazama vizuri kitu kinachungulia. Paka mafuta ya mgando kuziba tundu, ngoja akose hewa ajitokeze, minya taratibu kutoka pande zote mbili. Usimpasue ndani. Kisha osha kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa. Na hamisha pa kulala.

MKULIMA: Nimewasikia. Sasa tuseme la upele. Mbwa akinyonyoka manyoya, ngozi ikawa kama ya kiboko, sisi tunampaka oili chafu. Gereji wanaimwaga, ni bure. Na wanapona! Nimeona kwa macho yangu, si hadithi.

MLINZI: Hata mimi nimeona.

DAKTARI: Na mimi nimeona. Nitawaambia mnachokiona. Upele wa mbwa una aina mbili kubwa. Mmoja unawasha vibaya sana, unaanzia kingo za masikio na viwiko, unarukia mbwa wote wa nyumbani na hata nyinyi mtajikuna mikono. Wa pili unawapata watoto wa mbwa na vijana. Manyoya yanatoka duara duara kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele, muwasho ni mdogo. Vidudu vyake mtoto alivipata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya, na havimwambukizi mtu. Huu wa pili, ukiwa wa mabaka machache, watoto wengi hupona wenyewe miili yao ikikomaa. Mzee anapaka oili, baada ya miezi miwili manyoya yanarudi, oili inashangiliwa.

MKULIMA: Kwa hiyo oili haikufanya kitu?

DAKTARI: Ilifanya. Ilimtia sumu. Ina mabaki ya petroli na vumbi la madini ya injini. Inaingia kwa ngozi iliyochubuka, na anaimaliza kwa ulimi. Inachoma ini na figo polepole. Kiangazi inamziba manyoya, anapika. Wale ambao hawakupona uliwaona mwisho wao?

MKULIMA: Hawakukaa.

DAKTARI: Hawakukaa.

MAMA WA MJINI: Si wampeleke tu kwa daktari? Kuna vidonge vya kutafuna, kimoja kinaua kupe, viroboto na hata vidudu vya upele kwa mwezi, vingine kwa wiki kumi na mbili. Wangu nampa, simwoni na kupe tena.

MKULIMA: Kimoja bei gani, mama?

Mama alitaja bei. Mkulima alicheka kwa muda mrefu, na hakuwa akicheka kwa dharau. Kwa mbwa wanne, kwa masika moja tu, bei hiyo inapita mbolea ya shamba lake. Hapa ndipo ninapokosana na waandishi wa mambo ya mbwa wanaoandika kana kwamba kila mwenye mbwa ana mshahara. Ushauri usioweza kununuliwa humrudisha mtu kwenye oili chafu, na humrudisha na kiburi juu. Mwarobaini nao unasifiwa kupita kiasi. Majani yake yaliyochemshwa hupunguza muwasho na kufukuza wadudu kidogo, lakini kupe aliyeshika hamwachii mbwa kwa ajili ya mwarobaini. Kilicho karibu na mkulima ni bwana mifugo, duka la pembejeo, na ile siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kampeni nyingi huzunguka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kwa miteremko ya Uluguru hiyo ni mwisho wa kiangazi, vuli ikigonga hodi, tekenya wamejaa na kupe wanakuja. Mbwa wote wa kijiji wako hapo kwa kamba. Anayechanja na amtazame masikio na vidole. Hiyo ni dakika moja, na kwa mbwa wengi itakuwa dakika pekee ya mwaka.

DAKTARI: Bwana mifugo ana sindano ya aivamektini, na kwa upele unaowasha inafaa, ila apime uzito. Ile ya asilimia 1, mililita moja ni dozi ya ng'ombe wa kilo 50. Mbwa wako hafiki kilo 20. Wanaokadiria kwa macho wameua mbwa. Na mbwa wa uzao wa koli, wale wachunga kondoo wa Uskoti, wengi wao wasichomwe kabisa. Dawa inawapanda ubongoni.

MKULIMA: Basi tuseme nimekubali nusu. Kuoga hamjanishinda. Nyayo mmenishinda. Na kupe... kupe ninayo dawa nyumbani, ya kuogeshea ng'ombe. Kifuniko kimoja kwenye ndoo, si ndiyo?

DAKTARI: Kifuniko cha nini?

MKULIMA: Cha chupa ya soda.

DAKTARI: Kibandiko kinasemaje?

MKULIMA: Amitrazi. Kumi na mbili nukta tano.

DAKTARI: Hiyo inafaa, ikipimwa. Mililita 2 kwa lita moja ya maji, ndoo ya lita 10 ni mililita 20. Kama kibandiko kinasema jina jingine, kipimo hicho hakihusiki, njoo uniulize. Vifuniko havilingani, tumia bomba la sindano, uondoe sindano yake. Changanya leo, tumia leo, itakayobaki chimbia mbali na kisima, maana ikikaa inabadilika na kuwa sumu kali zaidi. Watoto wa chini ya miezi minne usiwaguse, wala jike mwenye mimba, wala aliye mgonjwa. Miguu ichovye mmoja mmoja, vidole uvipanue. Usimsuuze. Na wewe baba, una sukari?

MKULIMA: Ninayo, kidogo.

DAKTARI: Basi aogeshe kijana wako, avae glavu kama za Ustadhi. Dawa hiyo inapandisha sukari. Na mbwa asijilambe mpaka akauke.

MKULIMA: Asijilambe? Mbwa?

DAKTARI: Atembezwe. Muda wote anaotembea hatajilamba.

MKULIMA: Hilo tu? Nyani wapo, atatembea. Hilo bomba la sindano, dukani ni shilingi ngapi?